Uwanja wa Bi Enesia

Gwantwa Mwaipaja hakunywa chai aliyomiminiwa na Obadia Tweve. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipuliza, akasema asante, na mwenzake alipogeuka kufunga begi akaimwaga nyuma ya jiwe. Msimwone hana adabu. Mwaka juzi, kwenye kituo kingine, mkaguzi wa Wajoto alikunywa chai ya mkaguzi wa Wabishi akaharisha siku mbili, na alipoinuka kitandani akakuta taarifa imeshajaa maneno asiyoyajua. Haikuthibitishwa kwamba ilikuwa chai, lakini tangu hapo kila mkaguzi hutembea na chupa yake. Tweve naye alikuwa ameyakataa maandazi ya Gwantwa asubuhi ileile, kwa hiyo hawakudaiana.

Ndivyo nchi ilivyokuwa. Upande mmoja watu walisema dunia imepata joto na mabonde hayakaliki tena. Upande wa pili walisema hao wa kwanza wanazua ili wapate mashamba ya watu wa milimani. Mtaani waliitwa Wajoto na Wabishi. Majina hayo yalianza kama matusi, na sasa yalikuwa yanachapishwa kwenye fulana. Gwantwa, mzaliwa wa bondeni, alikuwa Mjoto. Tweve, mzaliwa wa hukohuko milimani, alikuwa Mbishi. Sheria ilitaka kila ukaguzi ufanywe na mmoja wa huku na mmoja wa kule, na taarifa isipokelewe mpaka vidole gumba vyao viwili viguse kishikwambi kimoja.

Juu ya vichwa vyao droni mbili zilikuwa zinaelea, moja ya kila upande. Kisheria zilikuwa na macho lakini hazikuwa na masikio.

"Twende, dada," Tweve alisema. "Hakimu anasoma saa kumi. Sitaki mje mseme nilichelewesha makusudi."

"Nani kasema?"

"Mtasema tu. Nawajua."

Wakapanda njia ya mwisho kuelekea kituo cha Igolwa. Huko ni kwenye baridi, nchi ya viazi na pareto. Siku hizi hata mahindi yalikuwa yanakomaa, mahindi ambayo zamani yasingestawi kule hata kwa dawa, na Tweve aliyapita bila kuyatazama. Gwantwa aliona jinsi asivyoyatazama, na akacheka moyoni.

* * *

Hakimu hakuwa mtu. Alikuwa mashine iliyozikwa chini ya jengo la Bunge, na alitengenezwa mwaka ule wabunge walipochoka kurushiana viti. Walikubaliana jambo moja tu: kwamba hawaaminiani, hivyo uamuzi utolewe na kitu kisicho na mjomba. Kisha wakaanza kubishana Hakimu apewe ushahidi gani. Setilaiti zilikataliwa kwa kuwa ni za wageni. Hesabu za wataalamu zilikataliwa kwa kuwa wataalamu wanakula mishahara. Wakabaki na vipimajoto tisa vya zebaki, vya kizamani kabisa, ndani ya vibanda tisa vyeupe vya mbao huko milimani, kwa sababu hivyo hata mwanafunzi wa darasa la nne angeweza kuvisoma kwa macho yake.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Baada ya kila miaka kumi Hakimu hutafuta wastani wa vituo vyote tisa. Milima ikiwa imepata joto kwa nyuzi mbili au zaidi kuliko enzi za mababu, Lango lililo chini ya mlima hujifungua lenyewe, na watu wa mabondeni hupanda na kugawiwa ardhi. Hapana waziri wala askari anayeweza kulizuia. Ikiwa pungufu, Lango hukaa limefungwa miaka kumi mingine.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mwaka wa kumi. Wastani ulikuwa umesimama kwenye mbili nukta sifuri tatu. Nje ya Lango watu elfu thelathini na moja walikuwa wamepiga kambi, na miongoni mwao alikuwamo mama mdogo wa Gwantwa, Sekela, aliyemlea, pamoja na wajukuu zake wanne.

Lakini Wabishi waliweka pingamizi. Igolwa ilikuwa na joto kuliko vituo vingine vyote vinane, na wakasema pale pana mchezo. Ndiyo maana wakaguzi hawa wawili walikuwa wanapanda.

* * *

Bi Enesia Ilomo, mtunza kituo, aliwapokea akiwa amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na ushei, mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Kamwene."

"Kamwene, mama," wote wawili waliitikia.

"Mmekuja kunitafutia kesi."

"Hapana, mama," Gwantwa alisema. "Tumekuja kukagua tu."

"Waliomkagua mwenzangu wa kituo cha nne nao walikuja kukagua tu. Yuko wapi leo? Yuko ndani, miaka kumi na tano. Haya, kagueni. Mimi miaka kumi na miwili nasoma kile kitu saa tatu na saa tisa, mchana na usiku, sijakosa hata siku niliyozika mume wangu."

Wakaingia. Kibanda cheupe kilisimama kwa miguu yake minne, kimepakwa rangi upya, kufuli linang'aa. Kukizunguka, ndani ya uzio wa waya, uwanja ulikuwa msafi ajabu: udongo mweusi uliokanyagwa ukawa mgumu, umefagiwa mpaka mistari ya fagio inaonekana, hakuna jani, hakuna hata kijiti. Ukutani mwa nyumba ya mtunza kituo, kwenye fremu, kilining'inia cheti kutoka makao makuu: Kituo Safi Kuliko Vyote, mara tano mfululizo. Picha za uwanja ule zilishaoneshwa kwenye runinga mara nyingi katika mabishano ya mwezi ule, nchi nzima ikautazama.

Tweve alivua koti, akaanza kazi kama mtu aliyeibiwa mbuzi na anayemjua mwizi. Alitafuta waya. Alilala chali chini ya kibanda akagonga mbao moja moja. Alifungua kufuli, akakipima kipimajoto kwa kioo cha kukuzia, akakinusa. Gwantwa hakumpa mgongo hata mara moja. Kila mkono wa Tweve ulipozama mfukoni, yeye alisogea hatua mbele. Tweve angeweza kupachika kitu, halafu akakigundua mwenyewe kwa kelele. Wabishi walishafanya hivyo.

Gwantwa naye alitoa kipimajoto chake cha mkono, kile cha kuzungushwa hewani kwa kamba ili kisome hewa yenyewe badala ya jua. Alikizungusha pale uwanjani, akakisoma. Kumi na tisa nukta nane. Cha kibandani kilisoma hivyohivyo. Zebaki ilikuwa nzima.

"Mmeridhika?" Bi Enesia aliuliza.

"Bado," Tweve alijibu kutoka chini ya kibanda.

* * *

Simu ya Gwantwa ilitetemeka, lakini pale uwanjani mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Alitoka nje ya uzio, akashuka kidogo hadi malishoni, kama hatua mia mbili. Kipimajoto alikibeba mkononi. Asingekiacha karibu na Tweve hata kwa dakika moja.

"Gwantwa, mwanangu, ni leo saa kumi, eti?" Ilikuwa sauti ya mama mdogo Sekela.

"Ni leo, mama. Mnaendeleaje?"

"Tunaendelea. Huyu mdogo joto limemlemea, lakini nimemwambia huko juu usiku watu hujifunika blanketi, akanicheka. Tumeshafunga vitu. Nimewapa majirani sufuria kubwa, itatuchosha njiani."

"Sawa, mama."

"Mungu akubariki na hizo namba zako."

Alipokata simu, mkono wake ulianza kuzungusha kipimajoto wenyewe, kwa mazoea tu, huku akili yake iko kwenye sufuria iliyogawiwa. Akakisoma. Kumi na nane nukta tisa.

Akadhani amekosea. Akakizungusha tena. Kumi na nane nukta tisa. Akapanda hadi uwanjani, akakizungusha mbele ya kibanda: kumi na tisa nukta nane. Tweve alimtolea macho. Akashuka tena malishoni, na safari hii alijua jibu kabla ya kusoma, kwa sababu alikuwa anatazama miguu yake. Alikuwa amesimama kwenye majani.

Vituo vyote duniani huwekwa juu ya majani mafupi. Hayo alifundishwa wiki ya kwanza chuoni. Majani hupumua maji, huipoza hewa. Udongo mtupu hulila jua na kulitema. Joto la zamani la Igolwa, lile la enzi za mababu, lilipimwa juu ya majani. Kisha akaja Bi Enesia na fagio lake.

Gwantwa alikaa chini palepale. Alikumbuka, na mashavu yakamwaka kwa aibu: miaka tisa iliyopita alifika Igolwa akiwa mkaguzi mwanafunzi, akapewa fomu ajaze, na kwenye usafi wa eneo akampa Bi Enesia kumi juu ya kumi. Angempa ngapi? Yeye mwenyewe alilelewa na mama mdogo aliyemchapa kwa jani moja lililobaki uwanjani. Nyumba yenye majani mlangoni ni nyumba ya nyoka na ya mvivu. Hilo hafundishwi mtu, linanyonywa pamoja na maziwa. Wakaguzi thelathini walishapita pale, na hakuna hata mmoja aliyeuona udongo. Waliona usafi.

Akapiga hesabu kwa kalamu kiganjani. Mchana tofauti ni tisa ya kumi, asubuhi ndogo, usiku karibu hakuna. Wastani wa siku, kama nne ya kumi. Igawe kwa vituo tisa. Kutoka mbili nukta sifuri tatu wastani ungeshuka hadi moja nukta tisa tisa.

Joto lilikuwa la kweli. Alilijua hivyo kama alivyojua jina lake. Lilimuua mama yake mzazi saa nane mchana akiwa kivulini. Lakini namba hii moja ilikuwa ya uongo, na haikuwa uongo wa mtu yeyote.

Kwa dakika nzima alimchukia Bi Enesia. Kisha akajichukia mwenyewe.

* * *

"Sijaona kitu," Tweve alisema Gwantwa aliporudi uwanjani. Alikuwa amejaa vumbi mpaka kope, na maneno yalimtoka kwa shida kama jino. "Chama changu kitanila nyama. Lakini sijaona kitu, na mimi si mwongo. Lete kidole."

Akanyoosha kishikwambi. Kwenye kioo paliandikwa: KITUO HAKINA KASORO. Duara moja lilishakuwa la kijani, kidole cha Tweve kimeshagusa. Duara la pili lilikuwa linasubiri.

Haikuhitaji kusema uongo. Ilihitaji kunyamaza tu, na Mbishi mwenyewe ndiye aliyeileta nafasi hiyo mkononi mwake. Gwantwa aliangalia kidole gumba chake. Miaka minane alikuwa anazunguka vijijini na kipaza sauti akiwaambia watu: msituamini sisi, aminini kipimajoto. Walimzomea, wakamwita mpishi wa namba, naye akalala usingizi kwa sababu haikuwa kweli. Kidole hiki kingeifanya kweli, hata kama asingejua mtu mwingine hadi kiama.

"Futa," alisema. "Kasoro ipo."

"Ipi?"

"Umeikanyaga."

Akamweleza. Tweve alisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Unanitega."

"Nakutega nini, kaka?"

"Mjoto mzima uje uniambie kituo kinachowapa ushindi ni kibovu? Mimi mtoto? Nikitia kidole hapa, kesho mtakwenda mahakamani mseme Tweve alibuni hadithi ya majani. Mtalifungua Lango na kunifunga mimi."

"Pima mwenyewe."

"Kwa kipimajoto chako?"

"Kwa chako."

Alipima kwa chake. Alipima kwa cha Gwantwa. Akavibadilisha mikono, akamtuma Gwantwa malishoni yeye akabaki uwanjani, kisha wakabadilishana. Akachukua jembe la Bi Enesia akachimba uwanjani kutafuta nyaya za joto, akakuta mizizi mikavu ya majani ya zamani. Jua lilikuwa utosini. Juu droni zilishuka kidogo, zikishangaa kwa nini watu wazima wawili wanakimbia huku na huku wakizungusha kamba.

Mwishowe Tweve alisimama kwenye shimo lake, amechoka. "Ni kweli," alisema. Lakini furaha aliyoitarajia haikumjia usoni.

Akaandika kwenye kishikwambi, akamwonesha. Alikuwa ameandika: hujuma ya mtunza kituo.

"Hapana," Gwantwa alisema. "Hilo ni miaka kumi na tano jela."

"Chama kimewaahidi watu mwizi, dada. Niwapelekee fagio?"

"Wapelekee fagio."

Bi Enesia alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni. Alikuja taratibu, akautazama uwanja wake uliochimbwa, kisha akamtazama Tweve.

"Kosa langu ni kufagia?"

"Mama, kitaalamu..."

"Nilikuta majani ya magoti. Nikasema wageni wa serikali watapita kwenye pori? Mkanipa cheti. Mara tano mmenipa cheti." Sauti yake ilianza kupasuka. "We mtoto wa kina Tweve, nakujua kwenu. Mama yako hafagii?"

Tweve aliangalia viatu vyake. Akafuta neno, akaandika: kosa la utunzaji, lisilo la makusudi; ipunguzwe nne ya kumi. Akaweka kidole. Gwantwa naye akaweka chake, na duara la pili likawa la kijani.

* * *

Saa kumi kamili kishikwambi kililia mara moja. Moja nukta tisa tisa. Lango halikufunguka.

Ndani ya dakika tano simu ya Tweve ilikuwa inawaka kwa pongezi. Mtu alishatunga msemo, na redio ya Wabishi ilikuwa inaurudia: joto la fagio. Joto lote la dunia ni la fagio. Tweve aliisikiliza kidogo, akaizima.

"Sikuwaambia hivyo," alisema. "Niliwaambia kituo kimoja."

Gwantwa alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha Bi Enesia, na simu yake ilikuwa inaita. Safari hii mtandao haukukatika.

"Gwantwa. Halijafunguka."

"Najua, mama."

"Wanasema kuna mkaguzi aliyepunguza namba. Wanamtaja Tweve, Mbishi mmoja. Vijana hapa wanachoma matairi, wanasema kwao wanapajua na ukuta watauruka." Sauti ilishuka. "Ulikuwa naye wewe. Ni yeye?"

Tweve alisikia jina lake. Uso ulimbadilika, na Gwantwa alijua kwamba anasubiri kutajwa. Kwamba katika maisha yake yote hajawahi kutegemea jambo jingine kutoka kwa Mjoto.

"Si yeye, mama. Ni mimi."

Nyuma ya mama mdogo walisikika watu wengi wakipiga kelele.

"Wewe."

"Namba ilikuwa na makosa. Nisingeweza..."

"Makosa ya kiasi gani?"

"Sehemu nne za mia. Za nyuzi moja."

"Ndiyo kiasi gani hicho, mwanangu? Mimi sikusoma. Mtu akikishika anakisikia?"

Gwantwa alifumba macho. "Hapana, mama. Mkono hauwezi kukisikia."

"Haya," mama mdogo Sekela alisema, bila hasira hata kidogo. "Basi sikiliza."

Akaiweka simu kwenye mdomo wa yule mjukuu mdogo. Pumzi zilikuwa fupi, za haraka, zikikatika na kuanza tena. Gwantwa alizisikiliza. Tweve aliyekuwa karibu alizisikia pia, akavua kofia. Zilikatika, zikaanza. Mama mdogo hakuiondoa simu, na Gwantwa hakuthubutu kuikata.